Gari la Uokoaji Huzeeka Likiwa Limeegeshwa

Nimefanya ufundi wa magari mazito hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika magari yote yaliyopita mikononi mwangu hakuna yaliyonisumbua kuyaelewa kama magari ya uokoaji. Lori la mkonge au la saruji huzeeka kwa kufanya kazi: injini huchoka kwa mzigo, tairi huisha kwa lami, na mwenye gari akitazama kilomita kwenye dashibodi hujua chombo chake kimefikia wapi. Gari la uokoaji linaweza kuwa na kilomita chache za kumfurahisha mhasibu yeyote, rangi yake nyekundu ikang'aa kwa sababu vijana wa zamu hulisugua kila asubuhi, na bado likawa limekwisha. Hilo nilijifunza kwa taasisi moja ambayo sitaitaja, maana niliyoyaona kwake nimeyakuta baadaye kwa wamiliki wengine pia. Ilikuwa na kikosi chake cha uokoaji na gari moja maalumu lililonunuliwa likiwa limeshatumika ng'ambo, na viongozi wake walikuwa wakivutana kama libadilishwe au lifanyiwe matengenezo makubwa. Niliitwa nitoe maoni ya fundi, nikaishia kuwa mjumbe wa kamati.

Ni vizuri kueleza kwanza gari ninalolizungumzia, kwa sababu watu wengi wakisikia zimamoto huwaza maji. Gari la uokoaji halibebi maji, au hubeba kidogo sana. Limejaa makabati pande zote, na ndani yake mna jenereta, mnara wa taa, winchi, mikasi na taya za haidroliki (zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo) za kukatia na kutanulia vyuma, mifuko ya upepo ya kuinulia mizigo, magogo ya kuegemezea gari lililolala ubavu, kamba, na mitungi ya hewa ya kuvaa mgongoni. Jiji la New York lina vikosi vitano vya namna hiyo, kimoja kwa kila eneo lake kuu, na kile cha kwanza kilianzishwa mwaka 1915 kikitumia gari la abiria la Cadillac, kwa kuwa wakati huo vifaa vilikuwa vichache kiasi cha kuenea ndani yake. Wajerumani wana gari wanaloliita Rüstwagen, ambalo kiwango chao cha taifa huagiza hata nguvu ya winchi yake: kilonewtoni 50, sawa na uvutaji wa tani tano hivi. Kwetu kazi ya gari hili inajulikana na kila anayesafiri kati ya Tanga na Segera. Katika kilomita zile 70 na ushei, malori ya bandarini, mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, bodaboda na wenye baiskeli hugombea lami moja, na dereva akibanwa miguu chini ya usukani pale karibu na Muheza, panga na nondo za wasamaria haziwezi kumtoa salama.

Siku ya ukaguzi, jambo la kwanza lililowekwa mezani lilikuwa kilomita. Mhasibu, mama mmoja makini sana, alikuwa amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kwa hesabu ya gari la kawaida alikuwa na haki kabisa ya kusema kwamba chombo kile bado kijana. Nikaomba tuwashe injini na kusoma saa zake. Gari la uokoaji likifika kwenye ajali halizimwi. Injini huunguruma papo hapo kuendesha jenereta na winchi, pengine usiku kucha, na kilomita haisogei hata moja. Wasimamizi wengi wa magari ya zimamoto nchini Marekani huhesabu saa moja ya injini kunguruma gari likiwa limesimama kuwa sawa na kilomita 40 hadi 50 za safari. Tulipozidisha saa zile kwa hesabu hiyo, gari la kijana likawa la mzee aliyezunguka nchi mara nyingi. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli inayonguruma bila mzigo hailichomi dizeli vizuri. Masizi hujikusanya, oili huchafuka mapema, na anayebadilisha oili kwa kufuata kilomita peke yake huwa amechelewa sana.

Kisha tukaenda kwenye tairi. Dereva wa zamu, kijana mchangamfu, alinitangulia huku akizipiga teke moja moja.

"Hizi usihangaike nazo, fundi. Kashata zote zipo, utadhani zimetoka dukani jana."

Nikachuchumaa, nikafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi ya mbele kwa kidole, nikamwonyesha kidirisha kidogo chenye tarakimu nne mwishoni mwa maandishi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2309 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kijana alihesabu kimyakimya, akarudia kuhesabu, halafu akasema, "Kumbe mimi nilikuwa bado niko shule ya msingi." Mpira hufa kwa jua, joto na hewa hata kama haujagusa barabara. Kiwango cha Marekani cha utunzaji wa magari ya zimamoto huagiza tairi zibadilishwe kabla hazijavuka miaka saba, hata zikiwa na kashata kama mpya, na sababu yake ni rahisi: gari hili hukaa limesimama na mzigo wake wote mgongoni usiku na mchana, halafu kengele ikilia linatakiwa likimbie kwa kasi ya juu kabisa. Tuliposhika tochi na kuinama, tuliona nyufa nyembamba zimezunguka pale ubavu unapokutana na ukanda wa kukanyagia. Yule kijana hakuzipiga teke tena.

Lakini adui mkubwa wa gari lile alikuwa bahari, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa maelezo ya watengenezaji wa Ulaya huandikwa na watu ambao chumvi yao hutoka kwenye barabara za baridi, wakati yetu hutoka hewani mwaka mzima. Upepo wa kusi na ule wa kaskazi hupokezana, na yote miwili huleta unyevu wenye chumvi hadi ndani ya banda. Gari lile lilikuwa na bodi ya alumini iliyofungwa juu ya fremu ya chuma. Kwa macho lilikuwa zima. Nilipofungua mbao za sakafu ya kabati la nyuma, pale ambapo alumini inakaa juu ya chuma, nilikuta unga mweupe umejaa kwenye maungio, na nilipousugua kwa bisibisi, bisibisi ikapita upande wa pili. Metali hizi mbili zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri: umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Kutu ya chuma hujitangaza kwa rangi yake na michirizi, lakini ulaji huu hufanyika chini ya rangi nzuri, na mtu hugundua siku bawaba ya mlango inapobaki mkononi. Dawa yake inajulikana na ni ya bei nafuu gari likiwa jipya: utepe au mpira wa kutenganisha metali, vikombe vya nailoni kwenye bolti, na mafuta mazito ya kuziba maji. Gari likishaliwa, hakuna fundi atakayerudisha alumini iliyogeuka unga. Utakata, utaunga kiraka, na chumvi itaanza upya pembeni ya kiraka.

Niliwaambia wajumbe wenzangu kwamba kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kuamua umri wa gari la uokoaji katika mji wa pwani, ningeomba nifunguliwe sakafu ya makabati na ningeacha mambo mengine yote. Mhandisi aliyetoka bara hakukubaliana nami. Yeye alitanguliza injini na giaboksi. Sikumlaumu, maana huko alikozoea ndivyo ilivyo.

Breki nazo zilitoa somo lake. Magari mazito hutumia breki za upepo, na breki ya maegesho hushikiliwa na springi; haiachii mpaka upepo kwenye matangi ufikie kiwango kinachotakiwa. Lori la biashara likivujisha upepo usiku, dereva huliwasha alfajiri, akanywa chai na andazi, na likishajaa anaondoka. Gari la uokoaji halina nafasi hiyo. Tulijaribu: tuliliacha usiku kucha, asubuhi tukaigiza kengele, na vijana wakaruka ndani na helmeti zao, wakakaa wanatazama mshale wa upepo ukipanda taratibu wakati injini inapiga kelele. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Vituo vingi vya miji mikubwa hutatua jambo hili kwa kuliunganisha gari na kompresa ndogo ya ukutani muda wote linapokuwa bandani, pamoja na chaja ya betri, na waya na mpira hujichomoa lenyewe gari linapoondoka. Kifaa hicho ni kidogo sana kikilinganishwa na bei ya gari, na ni miongoni mwa vitu vinavyosahaulika kwenye zabuni.

Kuhusu vifaa vya ndani nitapita haraka, ingawa ndivyo vinavyookoa watu. Kamba ya uokoaji hupewa umri usiozidi miaka 10 tangu ilipotengenezwa, hata kama haijawahi kubeba mtu. Mitungi ya hewa iliyozungushiwa nyuzi za kaboni kwa kawaida huwa na maisha ya miaka 15 na hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5. Mipira ya haidroliki, ambayo kwa zana nyingi za leo hubeba shinikizo la baa 700 hivi, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 10. Tulipotoa vitu vyote na kuvipanga sakafuni juu ya turubai, tukavisoma tarehe kimoja kimoja, ikawa wazi kuwa swali la kubadilisha gari lilikuwa limechelewa, kwani shehena yake yote ilikuwa imevuka umri kabla yake. Tulikuta pia zana za kampuni mbili tofauti, moja ikitumia mafuta ya madini na nyingine mafuta ya kemikali ya fosfeti, na mtu kwa nia njema alikuwa amejaza moja kwa mafuta ya nyingine. Sili, yaani mipira midogo ya kuzuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimevimba na kulainika. Mkasi ulifunga mara moja, ukagoma kufunguka.

Mabishano ya matengenezo au ununuzi yalikuwa marefu, na sitayarudia yote. Ipo njia ya kati inayotumika kwingineko, ya kuchukua bodi nzima na kuihamishia kwenye chasisi mpya, yaani fremu yenye injini na magurudumu yake. Nayo huleta nafuu pale bodi inapokuwa nzima. Kwetu bodi ndiyo iliyokuwa imeliwa, na chasisi ndiyo iliyobaki na uhai, kwa hiyo njia hiyo ikajifunga. Wajerumani wana njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa nafsi yangu: gari lenye ndoano ya kupakia na kushusha makontena, ambapo kontena la ajali za barabarani, la kemikali na la maporomoko hukaa bandani na gari moja huyabeba kwa zamu. Chasisi ikichoka inabadilishwa, makontena yanabaki. Kamati iliikataa kwa kuwa kikosi kilikuwa na gari moja na kazi ya aina moja, na nadhani walikuwa sahihi, ingawa jiji likizidi kukua, pamoja na bandari yake na bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, hoja hiyo itarudi.

Tulipoamua kununua, nilishikilia jambo moja ambalo wengine waliliona la kitoto: tusizungumze aina ya lori hata kidogo mpaka tumalize kuorodhesha na kupima uzito wa kila kitu kitakachopanda juu yake. Gari la zamani tulilipeleka kwenye mizani, ekseli moja baada ya nyingine na upande mmoja baada ya mwingine, likakutwa limelemea kushoto kwa sababu jenereta, winchi ya akiba na magogo yote yalikuwa yameongezwa upande huo miaka tofauti na watu tofauti. Dereva alikuwa akilalamika siku zote kwamba linamvuta kwenye kona, na akaambiwa apime upepo wa tairi. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari huruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani yenye tairi mbili na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi nne, hivyo gari la ekseli mbili lina tani 18 za kugawana kati ya chuma, watu, mafuta na vifaa. Ukianza na lori zuri uliloliona kwenye picha, utafika kwenye mizani vifaa vikiwa nusu vimebaki chini. Tuliacha pia nafasi tupu kwa makusudi, kwa maana hakuna kikosi ninachokijua ambacho hakiongezi vitu.

Suala la injini lilinikutanisha tena na yule mhandisi, na safari hii tulikuwa upande mmoja. Mfanyabiashara aliyeomba kazi alitaka kutuuzia injini ya Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, akiisifu kuwa ndiyo ya kisasa. Ni kweli ni ya kisasa, lakini imetengenezwa kwa ajili ya dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango kilichokubaliwa katika Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Ina kichujio cha masizi kinachohitaji joto la safari ndefu ili kijisafishe, na inahitaji maji ya AdBlue ya kusafishia moshi, ambayo yakiisha kompyuta yake hupunguza nguvu. Gari linalokimbia kidogo na kunguruma kwa saa nyingi ndilo linaloziba kichujio hicho haraka kuliko yote. Marekani yenyewe ililazimika mwaka 2012 kulegeza kanuni zake ili magari ya zimamoto na ya wagonjwa yasipunguzwe nguvu na mitambo hiyo yakiwa kazini. Tukaomba injini ya kiwango kinacholingana na mafuta yanayouzwa Chumbageni na Korogwe, na ambayo spea zake fundi hazisubiri kwa meli.

Kulikuwa pia na sauti iliyosema tusubiri msaada kutoka nje. Sina kinyongo na magari ya msaada; mengine yameokoa watu wengi nchini. Ila anayelipokea aulize kabla ya kushukuru. Viungio vya mipira ya maji vya Uingereza, Ujerumani, Japani na Marekani havishikani vyenyewe kwa vyenyewe. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani 120, wetu ni 230, hivyo chaja, taa na misumeno iliyomo ndani haitachomekwa kwenye ukuta wa kituo. Na gari lililostaafishwa na jiji lake lilistaafishwa kwa sababu. Chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, hushauri gari likivuka miaka 15 lihamishiwe kwenye akiba, na likivuka miaka 25 liondolewe kabisa. Sisi mara nyingi tunalipokea likiwa katikati ya namba hizo mbili na kulianzishia umri mpya siku linaposhuka bandarini.

Zana mpya tulichagua za betri. Vijana walizipenda kwa sababu hazina mpira wa kujikwaa wala injini ya kupigia kelele masikioni mwa majeruhi, na mimi nilizipenda kwa kuwa zilipunguza uzito wa pampu. Nilisisitiza tu makabati ya betri yawe upande usiopigwa na jua la mchana na yawe na matundu ya hewa, kwani joto la Tanga mwezi wa pili ndani ya sanduku la bati halifai kwa betri za lithiamu.

Gari la zamani lilizua ubishi wake. Karibu kila mtu alitaka libaki kama akiba, na akiba ya namna hiyo naijua: huliazimisha gari jipya betri yake, halafu tairi, halafu taa, na siku ya kuitwa halina hata moja. Hatimaye lilifutwa, winchi ikatolewa, na bodi ikabaki ya mafunzo, vijana wakijizoeza kuikata kwa zana mpya. Kwa kuwa nchini Marekani muda wa kusubiri gari la zimamoto tangu kuagizwa umefikia miaka miwili hadi minne kwa baadhi ya aina baada ya mwaka 2020, nilipendekeza bajeti ya kulibadilisha hilo jipya ianze kuandikwa mapema: mwaka wa saba tairi, wa kumi kamba na mipira, wa kumi na mbili kuanza kuagiza lingine, wa kumi na tano mitungi na kuhamia akiba.

"Fundi," mhasibu alisema, "gari halijafika hata bandarini, na wewe umeshaliandikia kustaafu?"

"Tarehe ya tairi zake imeshaanza kuhesabika huko kiwandani, mama," nilimjibu.

Aliiandika ratiba yote kwenye kitabu chake, isipokuwa mstari wa tairi, ambao aliusogeza hadi mwaka wa nane kwa sababu wa saba una matumizi mengine makubwa. Mstari huo bado tunavutana.